Fedha za Msiba

Alikuja saa moja jioni, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Aligonga geti mara mbili, akangoja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Hakukaa kwenye kochi. Alivuta stuli, akakaa karibu na mlango. Kwa kawaida yetu angeitwa kwa jina la mwanawe, lakini jina la mtoto huyo si langu kuligawa. Nitamwita Mama Fulani.

Ilikuwa mwaka 2019. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, Nkuhungu, hapa Dodoma. Alikuja kuhusu fedha za kikundi. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amekutwa na saratani ya figo, na hospitali iliyompima ilikuwa imempa rufaa ya kwenda Muhimbili. Aliomba laki tatu. Alisema tukitaka tumpe kama mkopo, tukitaka kama msaada, yeye atapokea vyovyote.

Kwenye akaunti tulikuwa na zaidi ya milioni moja na laki mbili. Nilijua hilo na yeye alijua, kwa sababu taarifa ya fedha niliisoma mwenyewe mbele ya wanachama wiki mbili kabla. Nikamweleza kuhusu katiba. Kifungu cha 7 kinasema fedha zitatolewa kwa msiba tu: wa mwanachama, mwenza wake, mtoto wake au mzazi wake. Mweka hazina hana mamlaka ya kuzitoa kwa jambo jingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Kwa hiyo akifa mtanipa?"

Nilimjibu ukweli. Nilisema ndiyo.

Tangu siku ile nimejaribu kulijibu swali lake upya, na kila jibu ninalopata linanirudisha pale pale. Tungempa laki tano. Tungempa turubai, viti, masufuria, mchele na watu wa kukesha naye. Yote hayo yalikuwa tayari yanamsubiri. Kilichokosekana ni mtoto wake kufa.

Kwanza nikitetee kikundi, kwa sababu ni rahisi kukicheka ukiwa mbali. Tulikuwa kaya 62, kila moja ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wengi wetu ni watu wa kipato cha leo: mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda, walimu kama mimi ambao mshahara unafika umeshagawanywa. Hapo mwanzo hatukuwa na kifungu cha 7. Mwaka 2016 tulikopesha wagonjwa. Mmoja alikopa kwa ajili ya mgongo, akaonekana baa. Mwingine aliugua kweli, akapona, ila hakuwa na cha kurudisha. Mwezi mmoja ikatokea misiba miwili, tukafungua sanduku tukakuta elfu kumi na nne. Tulikwenda kwa wafiwa mikono mitupu, na hakuna aliyetaka kupita tena aibu ile. Kifungu cha 7 kilitungwa na watu maskini ili kuwalinda watu maskini. Hakikutungwa kwa roho mbaya.

Mama Fulani mwenyewe alikuwa amekipigia kura.

Yeye anauza chai na chapati karibu na soko la Majengo, na mumewe alikuwa saidia fundi kwenye majengo yaliyokuwa yakiota kila kona ya Dodoma tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016. Uvimbe aliugundua mwenyewe, akimwogesha mtoto: kitu kigumu upande wa kushoto wa tumbo, na mtoto hakulalamika hata alipobonyezwa. Akapewa dawa ya minyoo, mara mbili. Shangazi akasema ni bandama. Mwezi wa tatu mkojo ukaja na damu, na hapo ndipo wakaenda hospitali.

Saratani hiyo ya figo huwapata zaidi watoto wadogo, na ni kati ya saratani za utotoni zinazotibika vizuri. Kwa kawaida mtoto hupewa dawa kwa wiki kadhaa ili uvimbe unywee, figo iliyougua huondolewa kwa upasuaji, kisha dawa huendelea. Mwanadamu anaweza kuishi na figo moja. Moja ya dawa hizo, vinkristini, asili yake ni mmea wa Madagaska wenye maua madogo ya waridi na meupe, ambao watu huuotesha kwa pambo. Mama Fulani alikuwa nao kwenye kopo la rangi mlangoni kwake. Alipoambiwa Muhimbili kwamba dawa inayoingia kwenye mshipa wa mwanawe chanzo chake ni ua lile, alidhani wanamtania.

Tuliitisha mkutano Jumapili, chini ya mwarobaini. Kabla ya hapo katibu alipendekeza tuanze na WhatsApp. Alimwambia mama atume picha, na akamshauri ampandishe mtoto fulana ili tumbo lionekane. Mama akatuma picha ya mtoto amevaa shati la kanisani, ameshika gari la makopo, anacheka.

Ilipata mikono ya sala mingi. "Mungu ni mwema." "Atapona kwa jina la Yesu." "Inshallah." Waliotuma fedha walikuwa kumi na wanne, na jumla ilikuwa 86,000. Mmoja aliandika, "Mbona anaonekana mzima?" Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wanafikiri: ili tukusaidie, mwanao aonekane anakufa, ila asionekane amekwisha kabisa, maana tutaona fedha zinapotea. Kuna kipimo cha ugonjwa kinachogusa moyo, na mzazi anatakiwa akijue.

Sisemi picha haisaidii. Mwaka 2015 nchini Kenya, kijana mwanafunzi aliyejulikana kama Jadudi alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na alihitaji kwenda India kwa upasuaji mwingine. Mwandishi wa blogu, Biko Zulu, aliandika habari yake. Lengo lilikuwa shilingi milioni moja za Kenya. Ndani ya siku chache watu wasiomjua walituma zaidi ya milioni sita, kila mtu kwa simu yake. Alikwenda, akatibiwa, akaishi miaka mingine miwili, akafariki mwaka 2017. Asiyeona uzuri katika habari hiyo ana moyo wa jiwe. Lakini kila nikiikumbuka nawaza juu ya kijana wa kitanda cha pili, mwenye uvimbe kama huo, ambaye hakupata mwandishi. Kosa lake lingekuwa nini? Kutojulikana na mtu mwenye kalamu nzuri?

Mkutanoni mwenyekiti alisoma kifungu cha 7, kisha kifungu cha 15: katiba hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wanachama, kwa taarifa ya siku thelathini. Rufaa ya mtoto ilikuwa ya wiki ile. Kijana mmoja wa bodaboda akasema tuvunje katiba leo na tuitengeneze kesho. Mama mmoja mjane akajibu kwa upole kwamba yeye alipofiwa, kikundi ndicho kilichomfanya aonekane mtu, na akauliza kama tumesahau mwaka 2016. Wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Mwingine akauliza, "Kwani saratani si inatibiwa bure?"

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano yumo kwenye msamaha wa malipo, na saratani imo kati ya magonjwa ya msamaha. Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali ili watoto wenye saratani watibiwe bila kulipa. Lakini kati ya Nkuhungu na kitanda hicho cha bure kuna zaidi ya kilomita 400. Kuna nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na kurudi tena, kwa miezi. Kuna meza ya chai inayofungwa Majengo kwa sababu mwenye chai yuko Dar es Salaam. Kuna watoto wengine wawili wanaobaki na bibi. Kuna vipimo vilivyofanywa kabla ugonjwa haujapata jina, maana msamaha ni wa saratani, na mtoto mwenye tumbo tu bado hajaitwa mgonjwa wa saratani.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Sababu za pengo hilo ni nyingi, na mbili kati ya hizo tulizijua hata bila kusoma: kuchelewa kugundua, na kukatiza matibabu. Watu wanaorudi nyumbani katikati ya dawa huitwa wakaidi. Wengi wao wameishiwa nauli.

Mzee mmoja wa Kigogo, mzaliwa wa upande wa Bahi, alikuwa amekaa kimya muda wote. Mwishoni aliomba kusema.

"Baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko waliokuwa zizini," alisema. "Wengine walikuwa Manyoni kwa rafiki, wengine Mvumi kwa shemeji. Ukame ukipiga huku, kule wamebaki. Lakini ng'ombe humpeleki kwa rafiki siku mvua imeshakata. Siku hiyo ni mzigo, na rafiki atakwambia zizi limejaa. Unampeleka wakati kwako bado kuna majani."

Watu walitikisa vichwa, kisha kofia ikazungushwa. Tulipata 212,000. Mimi nilitoa elfu ishirini, na ninakumbuka vizuri wepesi nilioupata baada ya kuitoa. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala. Huo wepesi ndio uliokuja kunisumbua. Ile noti haikuwa kiasi cha anachohitaji mtoto. Ilikuwa kiasi cha kunitoa mimi pale chini ya mwarobaini.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala yenye mfano ambao sasa unafundishwa kila mahali: ukimwona mtoto anazama kwenye kidimbwi na unaweza kumtoa kwa kuchafua nguo tu, ni lazima umtoe; basi kwa nini umbali ukupunguzie wajibu? Ni mfano mzuri, lakini haukutufaa sana. Mtoto wetu hakuwa mbali. Tulimwona akisukuma gari lake la makopo. Na sisi hatukuwa mpita njia mmoja. Tulikuwa kaya 62 zenye daftari, katiba na fedha zilizokwisha kukusanywa. Hatukukosa huruma wala mpangilio. Tatizo ni kwamba mpangilio wetu wote tuliuelekeza kaburini.

Kwa nini? Nimefikiri miaka mingi na ninaona jambo moja. Msiba hauwezi kushindikana. Ukichangia jeneza, jeneza litafanya kazi yake. Ukichangia mchele, utaliwa. Hakuna atakayekuambia mwezi ujao kwamba mchango wako ulipotea bure, maana jambo baya kuliko yote limeshatokea na wewe umekuja baada yake. Harusi nayo ni hivyo hivyo: tunaletewa kadi ya mchango, tunajikamua laki moja kwa ajili ya ukumbi, kwa sababu tunajua tarehe, tunajua ukumbi upo, na jina letu litasomwa kwenye orodha. Matibabu hayana tarehe. Yanaweza kula fedha zako na mgonjwa akafa. Anayechangia matibabu anachangia tumaini, na tumaini linaweza kumwaibisha. Kwa hiyo tunangoja. Tunasema "tumwombee". Tunakaa na fedha mkononi mpaka tumaini liishe, ndipo tunakuwa wakarimu.

Wahenga walisema kufa kufaana. Sidhani walitaka tufaane siku ya kufa tu.

Mtoto hakufa. Namshukuru Mungu, na ninaeleza pia jinsi ilivyokuwa. Fedha zetu ziliwafikisha Muhimbili na kuwaweka wiki za mwanzo. Dawa hawakulipia. Figo iliondolewa. Walirudi Dodoma kupumzika wakapewa tarehe ya kurudi, na tarehe ikapita. Wiki tatu zilipita. Sisi tulimwona mtoto anacheza barabarani, tukasema amepona. Mama hakuomba tena. Baadaye aliniambia kwamba kuomba mara ya kwanza ni shida, mara ya pili ni tabia, na hakutaka aonekane na tabia hiyo. Aliuza cherehani ya marehemu mama yake na baiskeli ya mumewe, wakapanda basi. Kule hakugombezwa. Aliambiwa tu wasichelewe tena. Matibabu yalikwisha mwaka uliofuata.

Walifanya ibada ya shukrani nyumbani. Kikundi kilikwenda kwa wingi, tukapiga picha na mtoto, na mwenyekiti akasema maneno kuhusu nguvu ya umoja. Mama Fulani alitushukuru mmoja mmoja. Mwezi uliofuata hakulipa ada, wala mwezi wa pili. Kwa katiba, mwezi wa tatu unafutwa. Nilikwenda kumwona kabla haujafika, nikidhani hana fedha. Nilikuwa tayari kumlipia.

Alinimiminia chai. Alisema elfu mbili anayo, ila sasa anaiweka kwa ajili ya kadi za bima za watoto. Wakati ule Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Nilipiga hesabu nikiwa njiani kurudi: ada zetu za miaka miwili ni 48,000. Ni kama kadi moja.

"Na ukifiwa?" nilimuuliza. "Au wewe mwenyewe, Mungu apishe mbali?"

"Mwalimu, mimi nikifa mtanizika," alisema. "Hamtaniacha njiani ninuke. Kwa hilo sina wasiwasi nanyi."

Hakusema kejeli. Alikuwa anatusifu kwa kile tunachokiweza. Maiti haina haja ya kuwa na ada ya kutufanya tuinuke, tutainuka. Ni aliye hai ndiye anayehitaji daftari.

Tulibadilisha katiba mwaka 2021, kwa kura 44. Katika kila elfu mbili, mia tano sasa ni ya ugonjwa. Kwa kaya 61 hizo ni 366,000 kwa mwaka, na nilidhani tumemaliza. Mwaka wa kwanza walikuja wagonjwa watatu, na kufikia Agosti zilikuwa zimekwisha. Wa nne alikuja Septemba. Nilimwambia hakuna, na safari hii lilikuwa jibu la kweli, lakini yeye aliondoka vilevile.

Hapo ndipo nilipolielewa neno la mzee wa Bahi kuliko alivyolisema. Ng'ombe waliotawanywa kwa marafiki waliwaokoa Wagogo katika ukame wa hapa na pale. Lakini katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, Wajerumani na kisha Waingereza walipokuwa wamekwisha kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua zikakosekana, ilikuja njaa iliyoitwa Mtunya. Iliua maelfu ya watu, kwa sababu marafiki wote walikauka pamoja. Kaya 61 za mtaa mmoja, zenye kipato kimoja, ni ng'ombe wa zizi moja. Ili kumbeba mtoto mwenye saratani unahitaji zizi la ukubwa wa nchi.

Na nchi nayo ina tabia zetu. Mwaka 2023 usajili wa Toto Afya Kadi ulisitishwa, na moja ya sababu zilizotolewa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanawasajili watoto ambao tayari wanaumwa. Nilisoma habari hiyo nikaiona mitaa yetu yote humo. Tunampeleka ng'ombe kwa rafiki mvua ikishakata. Novemba mwaka huo huo Bunge, lililo safari fupi tu ya daladala kutoka kwenye mwarobaini wetu, lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria inaweza kulazimisha mchango. Sijui kama inaweza kutufundisha kutoa kwa ajili ya mtoto ambaye bado anacheza, ambaye hatujui jina lake, na ambaye pengine hataugua kamwe.

Mimi si mweka hazina tena. Mama Fulani hajarudi kikundini, na hakuna aliyemlazimisha. Mwanawe yuko shule ya msingi sasa. Asubuhi anapita mbele ya geti langu na wenzake, ananiamkia bila kusimama, "Shikamoo Mwalimu," na kabla sijaitikia ameshafika kona.